Hiyo Python Uliyoikuta Si Yako, Mdogo Wangu

Leo nataka tukae kwenye jambo moja tu, maana maswali yanayofanana yamezidi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana mradi wa kuchambua takwimu. Laptopu yake ina Ubuntu 24.04. Anaandika pip install pandas, na kompyuta inamrudishia ujumbe mrefu unaoanza na error: externally-managed-environment. Anamuuliza mwenzake wa hosteli, naye anamwambia, "Ongeza --break-system-packages mwishoni, mimi nilifanya hivyo ikakubali." Anaongeza, na kweli inakubali. Baada ya siku chache, programu nyingine ambayo hakuigusa kabisa inagoma kufunguka. Hapo ndipo ananitafuta: Dada, nifute Ubuntu nianze upya?

Usifute. Karibu kila uharibifu wa namna hii unarekebishika bila kupoteza hata faili moja la kazi yako, na nitakuonyesha pa kuanzia. Ila kwanza nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu ukirekebisha bila kuelewa utarudi hapahapa mwezi ujao, pengine usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi.

Kwenye Ubuntu na Debian wapo wasakinishaji wawili wa pakeji za Python, na kila mmoja ana kumbukumbu zake. Wa kwanza ni apt. Ukimwambia alete python3-numpy, anakuletea toleo ambalo watu wa Ubuntu wamelijaribu pamoja na pakeji nyingine zote za toleo hilo la Ubuntu, analiweka kwenye /usr/lib/python3/dist-packages, na kuandika kila faili alilolileta. Wa pili ni pip. Huyu anachukua pakeji kutoka PyPI, ghala la mtandaoni la pakeji za Python, na usipomtajia toleo anakuletea jipya zaidi linaloingia kwenye Python yako. Hajui apt aliahidi nini kwa nani, na apt naye hana habari na alichofanya pip.

Sasa jiulize, ile Python iliyoko /usr/bin/python3 iliwekwa kwa ajili ya nani? Iliwekwa kwa ajili ya Ubuntu yenyewe. Amri ya add-apt-repository imeandikwa kwa Python. Ile huduma inayosakinisha marekebisho ya usalama yenyewe bila kukuuliza, unattended-upgrades, ni Python. Ufw, ukuta wa kulinda mtandao, ni Python. Hata ule ujumbe unaokuambia "amri hii haipo, isakinishe hivi" unatoka kwenye programu ya Python. Zote hizo zinategemea matoleo yaleyale zilizoyakuta siku zilipojaribiwa. Ukipandisha toleo la maktaba mojawapo kwa nguvu, umefanya kama mpangaji aliyebadilisha kitasa cha geti kuu bila kuwaambia wapangaji wenzake. Kitasa ni kipya na ni imara kuliko cha zamani, lakini wenzake wanarudi usiku na funguo zao haziingii.

Nataka uone kwa macho jinsi mgongano unavyotokea. Andika amri hii:

python3 -c "import sys; print(sys.path)"

Utaona orodha ya folda. Python ikiambiwa ilete numpy, inazipitia folda hizo kwa mpangilio na kuchukua ya kwanza inayoikuta. Kwenye Ubuntu, ukiziacha zile za maktaba ya msingi ya Python yenyewe, inaanza na folda yako binafsi iliyoko ndani ya ~/.local, kama ipo. Inafuata /usr/local/lib/python3.12/dist-packages, ambako pip huweka vitu ukimtumia kwa sudo. Mwisho kabisa ndiyo /usr/lib/python3/dist-packages, ya apt. Kwa hiyo pip hakufuta numpy ya apt. Ipo palepale ilipokuwa. Ameweka nyingine mbele yake, na kuanzia hapo kila programu inayoomba numpy inapewa hiyo ya mbele, iwe inaiweza au haiiwezi.

Hapo pia ndipo penye jibu la kitu kinachowachanganya wengi: programu inafunguka ukiitumia kwa sudo, ukiiendesha kawaida inakataa. Ukitumia sudo unaiendesha kama root, na root haangalii folda yako ya ~/.local. Ukiona dalili hiyo, umeshajua mchawi anakaa wapi.

Chukua mfano wa numpy, kwa sababu umewaumiza wengi na bado unaendelea. Tarehe 16 Juni 2024 ilitoka NumPy 2.0.0. Halikuwa toleo la kawaida: jinsi maktaba nyingine zilizoandikwa kwa C zinavyoungana na NumPy kwa ndani ilibadilika, kiasi kwamba maktaba iliyojengwa kwa NumPy 1 haiwezi kufanya kazi juu ya NumPy 2 mpaka ijengwe upya. Ubuntu 24.04 ilikuwa imetoka Aprili mwaka huohuo, ikiwa na NumPy 1.26 na pandas, scipy na matplotlib zilizojengwa kwa hiyo 1.26. Sasa wewe umeshasakinisha python3-matplotlib kwa apt kwa sababu mwalimu aliagiza hivyo. Wiki inayofuata unasakinisha pakeji nyingine kwa pip, ukiwa na ile alama ya kulazimisha, na pakeji hiyo inavuta NumPy 2 na kuiweka kwenye ~/.local. Ukifungua kazi yako ya zamani ya kuchora grafu, matplotlib ya apt inaomba numpy, inapewa 2, na unakutana na ujumbe kwamba moduli iliyojengwa kwa NumPy 1.x haiwezi kuendeshwa kwenye NumPy 2. Hukuigusa matplotlib, wala hukuandika neno numpy popote. Ndiyo maana watu huishia kuilaumu kompyuta.

Na hili halikuanza na NumPy. Aprili 2018 ilipotoka pip 10, maelfu ya watu waliandika sudo pip install --upgrade pip kwenye Ubuntu zao, kwa sababu pip yenyewe ilikuwa inawaonya kwamba imepitwa na wakati. Walifuata ushauri wa chombo chenyewe. Baada ya hapo kila wakiandika pip walijibiwa ImportError: cannot import name 'main'. Ile amri ndogo ya /usr/bin/pip iliyowekwa na Ubuntu ilikuwa inaitafuta main mahali pake pa zamani, na waundaji wa pip walikuwa wameihamishia ndani. Nusu ya pip ilikuwa ya apt, nusu ilikuwa ya pip, na hazikusikilizana.

Makosa kama hayo ndiyo yaliyowafanya watu wa Python na watu wa Linux wakae pamoja na kuandika utaratibu unaoitwa PEP 668, mwaka 2021. Unasema hivi: mfumo ukiweka faili linaloitwa EXTERNALLY-MANAGED kwenye folda ya Python yake, pip akiliona asimame na asiguse kitu. Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ilianza kulitumia, na Ubuntu ikaanza na 23.04. Ule ujumbe unaoudhi ni hilo faili linazungumza na wewe, na ukiusoma mpaka mwisho utakuta unakuelekeza cha kufanya. Nawaombeni sana, wadogo zangu, msiruke ujumbe wa kosa kwa sababu ni wa Kiingereza na ni mrefu. Usome taratibu, na neno usilolijua litafute. Hakuna mtu kwenye hosteli anayeijua hali ya kompyuta yako kuliko ujumbe huo.

Basi tufanye kazi. Kila mradi utengenezee mazingira yake:

sudo apt install python3-venv
cd mradi-wangu
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
python -m pip install pandas matplotlib

Ile ya kwanza unaifanya mara moja tu kwa kompyuta nzima. Nyingine unazifanya ndani ya folda ya mradi. Ukishaandika ile ya source, utaona (.venv) mwanzoni mwa mstari, na kuanzia hapo python na pip unazoziita ni za folda hiyo. Huna haja ya sudo, na wala hupaswi kuitumia. Pip hatakukatalia, kwa sababu humo hakuna cha mtu mwingine. Weka NumPy 2, rudi NumPy 1.26, haribu, jaribu tena, Ubuntu haitajua. Ukifunga terminali ukairudia kesho, andika tena ile source kabla ya kuendelea. Wengi wanaoniambia "nilisakinisha lakini inasema haipo" wamesahau hatua hiyo tu.

Najua swali linalofuata, maana ndilo linalouma: bando. Je, kila mradi nipakue pandas upya? Hapana. Pip anahifadhi alichokwisha kupakua kwenye ~/.cache/pip, na ukitaka toleo lilelile kwenye mazingira mengine analichukua hapo badala ya kulipakua tena. Hii ni sababu nyingine ya kuachana na sudo pip: akiendeshwa na root hatumii akiba yako, kwa hiyo bando linaliwa mara mbili kwa kitu kilekile. Na kama unafanya kazi za kufundisha mashine, shika hili: kwenye Linux ukiandika pip install torch peke yake, pip anavuta pia maktaba za kadi za NVIDIA, na mzigo wote unapita GB 2. Kama laptopu yako haina kadi hiyo, omba ile ya prosesa tu:

python -m pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu

Ni ndogo zaidi kwa mbali, na kwa mradi wa chuo usio na kadi hiyo hutapungukiwa kitu.

Kuna wakati unahitaji kitu cha apt ndani ya mazingira yako. Wanaotumia Raspberry Pi wanalijua hili, kwa sababu maktaba ya kamera, picamera2, inashauriwa isakinishwe kwa apt. Hapo tengeneza mazingira kwa python3 -m venv --system-site-packages .venv, nayo yataziona pakeji za mfumo bila kuzigusa. Ila tumia pale unapohitaji kweli, maana ule mgongano wa NumPy unaweza kukufuata humo kupitia mlango huo. Na kama unachotaka ni programu ya kutumia kwenye terminali, kama yt-dlp, usijisumbue na haya yote: sakinisha pipx kwa apt, kisha andika pipx install yt-dlp.

Sasa tuje kwenye kupandisha matoleo, maana hata ndani ya mazingira yako mwenyewe migongano ipo. Pakeji moja inataka numpy chini ya 2, nyingine inataka 2 na kuendelea. Hakuna toleo litakaloziridhisha zote mbili. Pip wa zamani alikuwa anasakinisha tu na kukuacha na tatizo. Tangu pip 20.3 ya Novemba 2020 anatafuta mchanganyiko unaowezekana, na akikosa anasimama na kuandika ResolutionImpossible, akitaja nani anataka nini. Akifika hapo, usianze kulazimisha. Tazama ni pakeji ipi kati ya hizo uliifunga kwenye toleo fulani bila sababu, uilegeze. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtajie pip pakeji zako zote kwenye amri moja. Ukisakinisha moja leo na nyingine kesho, ile ya kesho inaweza kubadilisha numpy ya leo, na pip akakupa onyo tu baada ya kuwa ameshabadilisha. Ukihisi mambo hayako sawa, andika python -m pip check. Itakuambia nani ananung'unika.

Mazingira yakishafanya kazi, andika python -m pip freeze > requirements.txt. Faili hilo lina kila pakeji na toleo lake kamili. Kabla ya kupandisha toleo lolote, hakikisha unalo. Halafu pandisha pakeji moja, endesha mradi wako uone matokeo, ndipo uende nyingine. Msimu wa kuwasilisha mradi ukikaribia, mimi nakushauri usipandishe chochote, hata kama pip list --outdated inakuonyesha orodha ndefu. Kupitwa na toleo moja la pandas hakujamfelisha mtu.

Ukipandisha Ubuntu yenyewe, kutoka 22.04 kwenda 24.04, Python inatoka 3.10 inakwenda 3.12, na mazingira yako ya zamani yataacha kufanya kazi. Usihangaike kuyatibu. Futa folda ya .venv, itengeneze upya, kisha python -m pip install -r requirements.txt. Pakeji chache za zamani zinaweza kukataa, kwa sababu Python 3.12 iliiondoa distutils ambayo zilikuwa zinaitegemea wakati wa kusakinishwa. Hizo zitafutie toleo jipya zaidi. Vilevile ukihamisha folda ya mradi au kuibadilisha jina, tengeneza .venv upya, maana ndani yake imeandikwa njia kamili ya mahali ilipozaliwa.

Sasa wewe uliyekwisha kuharibu. Anza kwa kujaribu python3 -s -c "import matplotlib". Hiyo -s inaiambia Python isiangalie folda yako ya ~/.local. Ikifanya kazi hapo na bila -s inakataa, tatizo liko ~/.local, na dawa yake ni rahisi: ipe folda jina jingine.

mv ~/.local/lib/python3.12 ~/.local/lib/python3.12-zamani

Hujafuta kitu. Ubuntu itarudi kuona za kwake. Programu ulizokuwa umeziweka kwa pip nje ya mazingira zitaacha kufanya kazi, na hizo ndizo utakazozihamishia kwenye .venv au pipx kwa utulivu. Kama ulitumia sudo, angalia /usr/local/lib/python3.12/dist-packages. Ukikuta numpy humo, iondoe kwa sudo python3 -m pip uninstall --break-system-packages numpy. Hapa ndipo mahali pekee nitakapokuruhusu kuiandika alama hiyo, kwa sababu unaondoa ulichokiongeza. Kisha usiondoke bila kuzihakiki za apt: dpkg --verify python3-numpy ikinyamaza, faili zake ni nzima, ikitaja faili lolote, sudo apt install --reinstall python3-numpy inalirudisha.

Wapo waliofanya jambo jingine zito zaidi. Walisakinisha Python 3.13 kisha wakaielekeza amri ya python3 iende huko, na sasa add-apt-repository inawaambia No module named 'apt_pkg'. Moduli hiyo imejengwa kwa ajili ya 3.12 pekee, haiwezi kusomwa na 3.13. Irudishe kwa sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3. Python 3.13 yako iache, haina kosa. Ukiihitaji iite kwa jina lake kamili, python3.13 -m venv .venv, baada ya kusakinisha python3.13-venv.

Na kwa yule aliyeniuliza kuhusu mradi wake: tengeneza .venv leo, hamishia kazi humo, endesha mradi mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho ndani yake. Usiitume folda ya .venv kwa msimamizi wako, ni nzito na kwake haitafanya kazi. Mtumie msimbo wako pamoja na requirements.txt, na kwenye mstari wa kwanza wa maelezo yako umwandikie kwamba umetumia Python 3.12. Kisha omba laptopu ya rafiki ambayo haijawahi kuuona mradi huo, fuata maelezo yako mwenyewe neno kwa neno, uone kama inawaka.